Nani Awe wa Kwanza? Hoja za Mashabiki katika Kuwapanga Chipukizi wa Besiboli

Kila majira ya baridi nchini Marekani, viwanja vya besiboli vikiwa vimefungwa na msimu mpya ukiwa bado mbali, mashabiki wa klabu mbalimbali hurejea kwenye swali ambalo halijapata jibu la kudumu: miongoni mwa vijana wanaolelewa katika timu za chini za klabu yao, ni nani anayestahili kupangwa wa kwanza, ni nani amfuate, na ni nani asitajwe kabisa. Mtu aliye nje ya mchezo huo anaweza kuuona mjadala huo kuwa ubishi wa kupitisha wakati, ilhali ndani yake mna masuala mazito yanayohusu namna binadamu anavyokadiria mambo yajayo, anavyoupima ushahidi ambao haujakamilika, na anavyofikia uamuzi wa pamoja na wenzake ambao vipimo vyao havifanani na vyake. Klabu ya Kansas City Royals, ambayo mwaka 2011 ilisifiwa kwa hazina yake ya vijana na miaka minne baadaye ikatwaa ubingwa, inatoa mfano unaofaa kwa uchunguzi wa jambo hili, kwa kuwa matokeo yake yanajulikana na kila hoja iliyotolewa wakati ule sasa inaweza kupimwa.

Safari ya kuelekea Ligi Kuu

Katika kandanda, kijana mwenye kipaji anaweza kuingia kikosi cha kwanza akiwa na miaka 17, lakini besiboli ya Marekani humpitisha karibu kila mchezaji katika ligi ndogo, yaani mashindano ya ngazi za chini yanayochezwa na timu zenye uhusiano rasmi na klabu za Ligi Kuu. Utaratibu huo ulijengwa katika miaka ya 1920 na Branch Rickey, kiongozi wa klabu ya St. Louis Cardinals, ambaye alitambua kuwa klabu isiyo na fedha za kununua nyota inaweza kuwalea wa kwake yenyewe, mradi iwe na timu ndogo za kuwakuza vijana na kuwapandisha hatua kwa hatua. Tangu mwaka 2021, kila moja ya klabu 30 za Ligi Kuu imekuwa na timu nne zinazocheza msimu mzima, hivyo kufanya jumla ya timu 120, na ngazi zake kutoka chini kwenda juu ni Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Chini ya hizo zipo ligi za wanaoanza, zinazochezwa Florida, Arizona na Jamhuri ya Dominika.

Wachezaji huingia katika mfumo huo kwa njia mbili. Vijana wa Marekani, Kanada na Puerto Rico huchaguliwa kupitia drafti, utaratibu ulioanza mwaka 1965 ambao klabu hupokezana zamu ya kutaja majina, mzunguko baada ya mzunguko, na kwa kawaida klabu zilizofanya vibaya hupata zamu za mwanzo. Vijana wa nchi nyingine, hasa Jamhuri ya Dominika na Venezuela, husajiliwa moja kwa moja, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 16 au 17. Kwa sababu hiyo, orodha moja ya chipukizi huweza kumweka mhitimu wa chuo kikuu mwenye miaka 22 kando ya mvulana wa miaka 17 ambaye bado hajacheza mechi hata moja nje ya nchi yake, na ugumu wa kuwalinganisha wawili hao ndio chanzo cha sehemu kubwa ya mabishano.

Jicho la msaka vipaji na hesabu za mchambuzi

Istilahi za mjadala huu zimetokana na kazi ya wasaka vipaji, watu wanaoajiriwa na klabu kusafiri kutoka uwanja hadi uwanja wakiwatazama vijana na kuandika tathmini zao. Wataalamu hao hutumia mizani inayoanzia 20 na kuishia 80, ambamo 50 ni uwezo wa wastani wa mchezaji wa Ligi Kuu, 60 ni uwezo unaozidi wastani kwa wazi, na 80 ni uwezo adimu ambao wachache mno huufikia. Mpigaji, yaani mchezaji anayeupiga mpira kwa rungu, hupimwa katika stadi tano, ambazo ni kuupata mpira mara kwa mara, kuupiga kwa nguvu, kukimbia, kurusha na kulinda eneo lake uwanjani; mrushaji naye, ambaye humtupia mpigaji mpira, hupimwa kwa ubora wa kila aina ya mrusho alionao na kwa uwezo wake wa kuupeleka mpira pale anapokusudia. Kila stadi hupewa alama mbili, moja ya uwezo wa sasa na nyingine ya uwezo unaotarajiwa, na nafasi iliyopo kati ya alama hizo mbili ndiyo inayobeba matumaini ya klabu na hofu ya mashabiki wake kwa pamoja.

Tathmini hizo zilianza kuwafikia wasomaji wa kawaida kupitia machapisho maalumu, na tangu mwaka 1990 jarida la Baseball America limechapisha kila mwaka orodha ya chipukizi 100 bora, ambayo katika toleo lake la kwanza iliongozwa na Steve Avery, mrushaji wa Atlanta Braves. Miaka 13 baadaye Michael Lewis alitoa kitabu chake, Moneyball, kuhusu klabu ya Oakland Athletics, na kitabu hicho kikaeneza kwa umma hoja kwamba takwimu za mchezaji zinaweza kufichua thamani ambayo macho ya wasaka vipaji yameipuuza. Tangu wakati huo mashabiki wengi wameelemea upande mmoja au mwingine, wapo wanaoamini kwanza ripoti ya aliyemwona kijana akicheza na wapo wanaoamini kwanza matokeo yaliyoandikwa, ingawa wale wanaofikiri kwa kina zaidi wametambua kuwa kila upande una udhaifu ambao upande wa pili unaweza kuurekebisha.

Udhaifu wa takwimu ni kwamba hazijitegemei, bali maana yake hutegemea umri wa mchezaji, ngazi anayocheza na uwanja anaochezea. Mwaka 2005 Brandon Wood, chipukizi wa Los Angeles Angels, alipiga homurani 43, yaani mipigo inayouvusha mpira juu ya uzio na kumletea mpigaji pointi papo hapo, akiwa katika timu ya Rancho Cucamonga ya Ligi ya California, ligi ambayo hewa na viwanja vyake vimejulikana kwa muda mrefu kuwapendelea wapigaji. Mwaka uliofuata Baseball America likampanga wa tatu miongoni mwa chipukizi wote, lakini katika Ligi Kuu alimaliza akiwa na wastani wa .186, ambao una maana ya mipigo salama isiyofika miwili katika kila majaribio kumi. Udhaifu wa macho nao unaonekana kwa Jose Altuve wa Venezuela, ambaye wengi walimwona mfupi mno na ambaye Houston Astros walimsajili kwa dola 15,000 tu, kisha mwaka 2017 akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi yake. Unaonekana pia kwa Albert Pujols, ambaye katika drafti ya mwaka 1999 alitanguliwa na majina 401, na akastaafu mwaka 2022 akiwa amepiga homurani 703.

Majina tisa ya Kansas City

Royals hawakuwa wamefika hatua ya mtoano tangu walipotwaa ubingwa mwaka 1985, na meneja mkuu Dayton Moore, aliyeshika wadhifa huo mwaka 2006, aliamua kuijenga upya klabu kwa kutegemea vijana badala ya nyota wa kununuliwa. Orodha ya Baseball America ya mwaka 2011 ilipochapishwa, majina tisa kati ya 100 yalikuwa ya klabu hiyo, idadi ambayo hakuna klabu iliyokuwa imeifikia tangu orodha hiyo ianzishwe. Watatu walifuatana, Eric Hosmer katika nafasi ya 8, Mike Moustakas ya 9 na Wil Myers ya 10, na baada yao wakaja John Lamb katika nafasi ya 18, Mike Montgomery ya 19, Christian Colon ya 51, Danny Duffy ya 68, Jake Odorizzi ya 69 na Chris Dwyer ya 83.

Kukaribiana kwa watatu wa mwanzo kuliacha nafasi kubwa ya hoja, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na sifa ambayo wenzake hawakuwa nayo. Aliyemtetea Moustakas angeweza kueleza kwamba kijana huyo alikuwa amepiga homurani 36 mwaka 2010 katika ngazi za Double-A na Triple-A, hivyo alikuwa amebakiza hatua moja tu kufika Ligi Kuu, na chipukizi aliye karibu na lengo ana mambo machache yanayoweza kumwangusha njiani. Aliyemtetea Hosmer angejibu kuwa huyu alikuwa mdogo kwa zaidi ya mwaka mmoja, kwamba wastani wake wa msimu ulikuwa .338, na kwamba sehemu ya msimu huo aliicheza Wilmington katika jimbo la Delaware, kwenye uwanja unaojulikana kwa kuwabana wapigaji. Mpinzani wa Hosmer naye angekumbusha kuwa mchezaji huyo alilinda kituo cha kwanza, eneo ambalo halidai stadi kubwa za ulinzi, hivyo thamani yake yote ingetegemea rungu lake.

Hoja ya Myers ilikuwa nyingine kabisa, kwa kuwa yeye alikuwa mdogo kuliko wote, wastani wake ulikuwa .315, na alicheza kama mdakaji, yaani mchezaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea mpira wa mrushaji. Wapigaji wazuri ni wachache katika nafasi hiyo ngumu, kwa hiyo mdakaji anayepiga vizuri ana thamani inayozidi ya mlinzi wa kituo cha kwanza mwenye takwimu zilezile. Lakini ikiwa klabu ingemwondoa katika nafasi hiyo, thamani hiyo ya ziada ingetoweka, na kwa kweli mwaka 2011 alihamishiwa kwenye ulinzi wa eneo la mbali la uwanja. Hapa inaonekana kwamba mashabiki watatu wanaweza kukubaliana juu ya kila ukweli unaowahusu vijana hao na bado wakatofautiana katika kuwapanga, kwa kuwa mmoja anauthamini zaidi ukaribu wa kijana na Ligi Kuu, wa pili anauthamini umri pamoja na ubora wa upigaji, na wa tatu anauthamini uhaba wa nafasi anayoicheza.

Tofauti iyo hiyo ilijitokeza chini zaidi katika orodha, pale Colon alipopaswa kulinganishwa na warushaji. Colon alikuwa mchezaji wa chuo kikuu aliyechaguliwa wa nne katika drafti ya mwaka 2010, mwenye stadi zilizokomaa mapema na asiye na stadi moja ya kutisha, ilhali warushaji kama Lamb na Montgomery walikuwa na kilele cha juu zaidi, neno ambalo katika mjadala huu lina maana ya kiwango bora kabisa ambacho kijana anaweza kukifikia mambo yake yote yakienda sawa. Dhidi ya kilele huwekwa uhakika, yaani kiwango ambacho kijana ana matumaini makubwa ya kukifikia hata kama hataendelea sana, na warushaji huwa na uhakika mdogo kwa sababu bega na kiwiko hubeba mzigo mkubwa katika kila mrusho.

Kasoro za kura

Mashabiki wanapotaka orodha moja ya pamoja, njia iliyozoeleka ni kupiga kura kwa nafasi moja baada ya nyingine, ambapo aliyepata kura nyingi hupewa nafasi ya kwanza na kuondolewa, jina jipya huongezwa, na kura hurudiwa kwa nafasi ya pili hadi orodha ikamilike. Njia hii inavutia kwa kuwa kila nafasi hupata mjadala wake, lakini ina kasoro ambayo wanahisabati waliitambua zamani. Ikichukuliwa kuwa wapiga kura kumi wamegawanyika wanne kwa Moustakas, watatu kwa Hosmer na watatu kwa Myers, Moustakas atashinda, ingawa inawezekana wale sita ambao hawakumchagua wote wanamwona kuwa wa mwisho kati ya watatu hao.

Mwaka 1785 mwanahisabati Mfaransa Condorcet alionyesha tatizo lenye kina zaidi: wengi wanaweza kumpendelea Hosmer kuliko Moustakas, wengi wakampendelea Moustakas kuliko Myers, na bado wengi wakampendelea Myers kuliko Hosmer, hivyo kundi zima likakosa chaguo la kwanza hata kama kila mtu binafsi anajua anachokitaka. Borda, Mfaransa mwenzake wa karne hiyohiyo, alipendekeza kila mpiga kura apange majina yote na kila nafasi ipewe pointi, na besiboli yenyewe inatumia utaratibu unaofanana na huo katika kumchagua mchezaji bora wa mwaka, ambapo nafasi ya kwanza hupewa pointi 14, ya pili 9, ya tatu 8, na kuendelea hadi pointi 1 kwa nafasi ya kumi. Utaratibu huo haumalizi matatizo yote, lakini unasikiliza maoni kamili ya kila mshiriki badala ya jina moja tu.

Kasoro nyingine haitokani na hesabu bali na mazoea. Shabiki akishasoma orodha ya jarida maarufu kabla ya kuandika yake, mara nyingi ataanzia pale jarida lilipoishia na kusogeza majina mawili au matatu tu, na mia wakifanya hivyo, kile kinachoitwa maoni ya watu mia huwa ni maoni ya mwandishi mmoja yaliyorudiwa. Mjadala wenye manufaa unahitaji watu walioyafikia maoni yao kwa njia tofauti, yaani aliyewatazama vijana katika viwanja vya ligi ndogo, aliyezichambua takwimu, na aliyefuatilia historia ya majeraha yao, kila mmoja akiandika orodha yake kwanza na kusikiliza baadaye.

Yaliyotokea

Mwaka 2014 Royals walifika World Series, fainali inayoamua ubingwa wa besiboli ya Marekani, wakafungwa na San Francisco Giants katika mechi ya saba, na mwaka 2015 wakarudi na kuwashinda New York Mets kwa mechi nne dhidi ya moja. Hosmer na Moustakas walilinda kituo cha kwanza na cha tatu katika kikosi hicho, na katika mechi ya tano ni Hosmer aliyekimbia kwa ujasiri kutoka kituo cha tatu katika kipindi cha tisa na kusawazisha. Colon, ambaye hakuwa ameshiriki hata mara moja katika mtoano wa mwaka huo, aliingizwa kupiga katika kipindi cha 12 na mpigo wake ukaleta pointi ya ushindi. Duffy aliendelea kuitumikia klabu kwa miaka mingi.

Waliobaki walichangia kwa njia ambayo orodha haikuitaja. Desemba 2012 Myers, Odorizzi na Montgomery walipelekwa Tampa Bay Rays pamoja na kijana mwingine ili Royals wawapate warushaji James Shields na Wade Davis, uamuzi uliowagawanya mashabiki vikali, hasa Myers alipotwaa tuzo ya mgeni bora wa ligi yake mwaka 2013. Lakini Davis ndiye aliyekuwa akirusha pale mpigaji wa mwisho wa Mets alipotolewa mwaka 2015. Lamb, aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya kiwiko mwaka 2011, alikuwa miongoni mwa warushaji watatu waliotolewa kwa Cincinnati Reds mwaka 2015 ili kumpata Johnny Cueto, na Cueto akashinda mechi ya pili ya fainali hiyo kwa kuimaliza peke yake na kuruhusu mipigo salama miwili tu. Montgomery naye, aliyekwisha kuonekana kuwa ameshindwa, alirusha mpira wa mwisho wa World Series ya 2016 akiwa na Chicago Cubs. Ni Dwyer pekee ambaye jina lake halikuacha alama, kwani alionekana katika Ligi Kuu kwa muda mfupi mno.

Hata hivyo mchezaji bora wa fainali ya 2015 alikuwa mdakaji Salvador Perez, kijana wa Venezuela ambaye hakuwamo kati ya wale tisa, kama ambavyo hakuwamo Yordano Ventura wa Jamhuri ya Dominika, mrushaji aliyeanza mechi katika fainali zote mbili. Funzo linalotokana na ulinganisho huu ni la wazi: orodha ya mwaka 2011 ilikosea kuhusu mtu mmoja mmoja mara nyingi zaidi kuliko mpangilio wake ulivyodokeza, lakini ilipatia kuhusu kundi kwa jumla, kwa sababu wingi wa vijana wenye thamani uliipa klabu wachezaji wa kutumia na wachezaji wa kubadilishana. Shabiki aliyetumia majira yote ya baridi kubishania nafasi ya 8 na ya 9 alikuwa akipima tofauti ambayo hakuna chombo kinachoweza kuipima, ilhali aliyesema kuwa hazina ya klabu ilikuwa na kina kisicho cha kawaida alikuwa ameshika jambo la msingi.

Wajibu wa anayepanga

Haifuati kutoka hapo kwamba kupanga ni kazi bure. Kulazimika kumweka mmoja juu ya mwingine humfanya shabiki atamke kipimo chake, na kipimo kilichotamkwa kinaweza kukosolewa na kurekebishwa, ilhali hisia isiyotamkwa hubaki ilivyo miaka yote. Orodha yenye manufaa ni ile inayoeleza kwa kila jina ushahidi uliotumika, kilele na uhakika wa kijana huyo, na jambo ambalo likitokea litambadilishia nafasi. Na pale tofauti inapokuwa ndogo, ni uaminifu zaidi kuwaweka vijana katika tabaka moja kuliko kuwapa namba zinazodai usahihi usiokuwepo.

Upo pia wajibu wa kibinadamu, kwa kuwa majina haya ni ya vijana wanaoishi kwa kipato kidogo. Mkataba wa kwanza wa pamoja wa wachezaji wa ligi ndogo, uliofikiwa mwaka 2023, ulipandisha malipo ya chini ya mwaka ya Single-A kutoka dola 11,000 hadi 26,200, na ya Triple-A kutoka dola 17,500 hadi 35,800, na kabla ya hapo wengi walilazimika kutafuta vibarua msimu ulipoisha. Afrika Mashariki nayo ina watu wake katika safari hiyo: Uganda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kupeleka timu kwenye fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Marekani, mwaka 2012, Los Angeles Dodgers wakawasajili Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022, na Pittsburgh Pirates wakamsajili mrushaji David Matoma. Kijana anayetoka katika nchi yenye viwanja vichache na mashindano machache hufika bila rekodi ndefu ya takwimu, na shabiki asiyejua kingine zaidi ya takwimu atamweka chini kwa kukosa ushahidi, akidhani kuwa amemweka chini kwa kukosa uwezo.

Kutenganisha mambo hayo mawili, yaani kisichojulikana na kilichothibitika kuwa dhaifu, ndiko kunakopambanua mjadala unaoelimisha na mabishano yanayochosha. Mashabiki wanaotaka orodha zao ziheshimiwe wazihifadhi, warudi kuzisoma baada ya miaka mitano, na wajiulize kama sababu walizozitoa zilikuwa za haki kwa ushahidi uliokuwepo wakati ule, maana ni kwa kuzirudia sababu hizo ndipo wanapojifunza kumtazama chipukizi anayefuata kwa macho yaliyo makini zaidi.